Tanga hadi Ujiji, kwa Mwendo Wetu

MZEE: Hodi, wasikilizaji! Tumerudi kutoka Ujiji. Leo tumekaa Raskazone, hapa Tanga, na huo mnaousikia ni upepo wa bahari.

BIBI: Gari liko hapa pembeni, bado lina vumbi la Kigoma. Nimekataa lisioshwe kwanza.

MZEE: Wengi mmeuliza hilo gari la kulala tumelipata wapi. Ni Coaster ya zamani, ilikuwa ya abiria. Kiinua mgongo kilipotoka tukaing'oa viti, seremala akatupigia kitanda na kabati la vyombo. Juu kuna sola, ndani betri, feni moja na mtungi mdogo wa gesi.

BIBI: Na madumu manne ya maji. Kila mtu anauliza kitanda kikoje. Mimi nawaambia ulizeni maji. Mkitoka Manyoni kwenda Itigi ndipo mtakaponielewa.

MZEE: Na usiku?

BIBI: Usiku tunaegesha kwenye uwanja wa gesti, tunalipia choo na bafu. Pasipo na gesti tunamtafuta mwenyekiti wa kijiji kabla jua halijazama. Porini hatukulala hata siku moja.

MZEE: Sasa kwa nini Ujiji, kule Ziwa Tanganyika? Nilifundisha Tabora miaka 11, mwenzangu akiwa muuguzi hapa Tanga. Tuliomba uhamisho mara nne, haukutoka. Barabara ile mimi niliijua kwa vituo vya basi tu.

BIBI: Mimi niliijua kwa mihuri ya posta. Nikamwambia, mzee wangu, ukistaafu utanipitisha huko mchana, nione.

MZEE: Tukasema kama ni kwenda, tuifuate njia ya misafara ya zamani, ile ya Bagamoyo, Tabora hadi Ujiji, tuanze pale walipoanzia wapagazi. Basi tukashuka Segera, Msata tukakata kushoto, tukaingia Bagamoyo. Tulipanga kulala siku moja.

BIBI: Tukalala nne. Asubuhi ya pili tulikwenda misheni, ile ya Wakatoliki iliyoanzishwa 1868. Pale kuna mnara wa kanisa la zamani ambako mwili wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Uskoti, ulilazwa Februari 1874. Alifia Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Watumishi wake Waafrika, Susi na Chuma na wenzao, wakauzika moyo wake kule, mwili wakaukausha juani, wakaubeba hadi pwani. Miezi tisa kwa miguu!

MZEE: Ulisimama pale muda mrefu.

BIBI: Nimehudumia maiti wodini, najua uzito wa mtu asiyejibeba. Kutoka kitandani hadi kwenye machela mnashikana wanne. Wale waliupitisha kwenye vinamasi na mapori, wenzao wakifa njiani. Halafu mnara ukaitwa jina la aliyebebwa. Mimi pale niliwataja waliobeba, kwa sauti.

MZEE: Na nyuma yao kuna maelfu wasiojulikana hata jina. Wanyamwezi walioshusha pembe za ndovu begani, na watumwa waliofika wamefungwa. Jina lenyewe la mji watu wanalieleza hivyo: bwaga moyo. Kwa mpagazi ni kutua mzigo. Kwa mtumwa ni kuuacha moyo bara, kwa sababu mbele ni bahari.

BIBI: Tangu pale sikutaka twende mbio tena.

MZEE: Chalinze, Morogoro tukapita. Karibu na Gairo rejeta ikavuja, tukakaa siku mbili tukimsubiri fundi. Kibaigwa tukashangaa magunia ya mahindi yalivyopangwa, Dodoma tukanunua zabibu.

BIBI: Fika Tabora, mzee wangu.

MZEE: Haya. Tabora, mama, nilikupeleka kwenye nyumba niliyopanga.

BIBI: Mwenyeji wa sasa, binti mdogo ana mtoto mgongoni, alitukaribisha ndani bila kutujua. Nikamuuliza mume wangu, meza ya kuandikia barua ilikaa wapi? Akanionyesha: chini ya dirisha, na nje mwembe. Miaka yote nilikuwa nawaza ukuta mtupu. Kumbe alikuwa akiniandikia anaangalia mwembe.

MZEE: Miembe ya Tabora na Ujiji wazee wanaihusisha na misafara hiyohiyo.

BIBI: Tulikaa chini yake hadi adhuhuri. Yule binti akatuletea asali ya miombo kwenye kikombe, mtoto akanilalia mapajani.

MZEE: Baada ya hapo ni Urambo, Kaliua, Uvinza kwenye chumvi, kisha Kigoma. Ujiji tulifika alasiri. Pale mahali Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alipomkuta Livingstone mwaka 1871 pana makumbusho, tukaingia. Halafu tukateremka ziwani.

BIBI: Nikakaanga migebuka kwenye jiko letu, mlango wa gari wazi, Tanganyika mbele yetu.

MZEE: Wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke, walitoka pwani Juni 1857, wakaingia Ujiji Februari 1858. Sisi ilituchukua siku 23.

BIBI: Na mimi nikakuambia tumeharakisha.

MZEE: Uliniambia. Ndiyo maana kurudi tulitumia 40.