Kesi Ikiwa Mahakamani, Riba Hailali

ZAWADI: Karibuni tena. Leo ni kesi za mikopo ya nyumba, na kaka Hamisi amekuja na jambo linalomkera.

HAMISI: Linanikera kweli, dada Zawadi. Mtu anaishtaki benki, anapata zuio la muda, mnada unasimama, anashusha pumzi. Hakuna aliyemwambia kwamba kilichosimama ni mnada tu. Riba inaendelea.

ZAWADI: Kwa kasi gani? Tupigie hesabu.

HAMISI: Chukua deni la milioni 1, riba asilimia 12 kwa mwaka, na mkataba unasema riba isiyolipwa inaongezwa kwenye deni kila mwezi. Kesi ikichukua miaka 6 bila malipo yoyote, deni linapita milioni 2. Riba isiyozaa riba ingekufikisha milioni 1 na laki 7 na elfu 20. Hiyo tofauti ya zaidi ya laki 3 imetoka kwenye sentensi moja ya mkataba!

ZAWADI: Na riba ya adhabu hujaigusa.

HAMISI: Wala gharama za mawakili, na hapo ndipo watu wanaumia zaidi. Kwa kawaida anayeshinda kesi hulipwa gharama zilizokadiriwa na mahakama, na mara nyingi hazifiki alizotumia. Lakini mikataba mingi ya rehani inamruhusu mkopeshaji kuongeza kwenye deni gharama zake za kudai na kulinda dhamana: wakili, mthamini, dalali. Zikishaingia kwenye deni, nazo zinatozwa riba.

ZAWADI: Subiri. Yaani mkopaji anamlipa wakili wake, na wa benki pia?

HAMISI: Ndivyo inavyokuwa. Anaweza kuzipinga kama hazikuwa za lazima au zimezidi kiasi, ila adai mchanganuo. Akikuta kwenye taarifa ya akaunti pameandikwa “gharama za kisheria” na kiasi kimoja kikubwa, bila tarehe wala kazi iliyofanyika, asipapite.

ZAWADI: Hakuna kikomo?

HAMISI: Inategemea nchi. Kenya, tangu 2007, kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishaacha kulipika, riba isizidi deni la msingi lililokuwepo wakati huo. Gharama za kufuatilia deni, hata hivyo, zinadaiwa juu yake. Afrika Kusini nako, Mahakama ya Katiba iliamua 2015 kwamba kikomo cha namna hiyo hakiondoki eti kwa sababu kesi imefunguliwa. Riba inaanza upya baada ya hukumu. Kwangu huo ni uamuzi wa haki, maana mkopaji hana uwezo wa kuiharakisha mahakama.

ZAWADI: Mwenye kesi sasa hivi afanye nini?

HAMISI: Asichokibishia akilipe. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza, kubishia kiasi peke yake kwa kawaida hakutoshi kuzuia mnada. Na kabla hajalipa, aangalie mkataba unayapeleka wapi malipo. Mingi huanza na gharama, ikaja riba, deni la msingi mwisho.

ZAWADI: Kwa hiyo unaweza kulipa mwaka mzima na deni la msingi lisipungue hata kidogo?

HAMISI: Kabisa. Ndiyo maana kifungu hicho kisomwe kabla ya kufungua kesi, na wakili akiwa pembeni.