Begi la Kilo Saba
Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa parokia, Tabora

Tumsifu Yesu Kristo! Asanteni, kaeni. Baba Paroko, makatekista, viongozi wa jumuiya, wenzangu wa WAWATA, umoja wetu wa wanawake Wakatoliki, na nyie vijana mliojazana pale mlangoni kana kwamba mna treni ya kuwahi.

Mmeniomba nieleze nilivyotembea hija ya Mtakatifu Yakobo kule Hispania. Najua wengine mnasubiri habari za maono. Sikupata. Mimi ni muuguzi mstaafu, nitasema habari za miguu.

Njia niliyopita inaanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, mji mdogo wa Ufaransa chini ya milima ya Pyrenees, na kuishia Santiago de Compostela, ambako kaburi la Mtume Yakobo limeheshimiwa tangu karne ya 9. Ni kama kilomita 780. Wenye nguvu huimaliza kwa mwezi. Mimi nilitumia siku 41, wala sioni aibu.

Siku ya kwanza ni mlima, zaidi ya mita 1,200 kwenda juu. Begi langu lilikuwa na kilo 12. Ushauri wa huko ni kwamba begi lisizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, na mimi, mnaniona wenyewe, sina kilo 120. (Kicheko.) Nilibeba nini? Khanga nne, Biblia ile kubwa, viatu vya kanisani, na chupa ya lita moja ya asali yetu ya hapa Tabora, zawadi ya wenyeji. Lita ya asali ni karibu kilo moja na nusu, jamani. Mlimani nilihisi nimebeba mzinga pamoja na nyuki wake.

Ndipo nikawakumbuka babu zetu. Mpagazi wa Kinyamwezi alitoka hapa hadi Bagamoyo na frasila mbili begani, kama kilo 32, kwa ujira wa nguo na posho. Tena hakuwa anahiji, alibeba mali ya mtu mwingine. Mimi nimekata tiketi ya ndege ili nikafanye kwa hiari theluthi ya kazi yake, halafu nalalamika! Na hata Mapadri Weupe, wale wamisionari walioingia Tabora mwaka 1878, kisha wengine wakaendelea mpaka Ujiji, waliifuata njia hiyohiyo iliyokanyagwa na wapagazi. Hilo huwa hatulisemi sana kwenye jubilei.

Mji wa Pamplona, siku ya tatu, nikafungua begi. Asali tuliimaliza mezani na mikate, watu wa nchi saba au nane. Viatu vya kanisani na khanga mbili nikaviacha kwenye kapu la vitu vya kugawa. Biblia nikampa sista mmoja, nikabaki na kitabu kidogo cha Agano Jipya. Kilo saba. Kesho yake nilitembea kama binti.

Sasa siku yenyewe. Saa kumi na moja alfajiri mifuko ya plastiki inaanza kuchakarisha gizani, na mtu mmoja lazima akumulike tochi usoni. Mnalala kwenye vitanda vya deka, kama bweni la sekondari, wanaume kwa wanawake, na kila chumba kina mkoromaji wake. Nilidhani kunguni nimewaacha Afrika, kumbe nao ni mahujaji. Mnatembea kilomita 20 au 25, mkifuata mishale ya njano iliyochorwa ukutani, kwenye mawe, kwenye nguzo. Aliyeanza kuichora, katika miaka ya 1980, ni paroko wa kijiji cha mlimani, O Cebreiro, Padre Elías Valiña. Misafara yetu ilikuwa na kirangozi anayetangulia na bendera. Hawa kirangozi wao ameshafariki, na bado anawaongoza kwa rangi.

Saa saba mnafika. Unagongewa muhuri kwenye karatasi yako ya hujaji, unaoga, unafua, unaanika. Kama soksi hazikukauka, kesho unazibana nje ya begi kwa pini, unatembea nazo zikipepea. Ukichelewa kununua chakula umekwisha, kwa sababu mchana maduka yanafungwa, watu wamelala. Jioni misa na baraka ya mahujaji. Saa nne taa zinazimwa, na mwezi wa sita huko saa nne jua ndiyo linazama! Mtu wa Tabora utalalaje?

Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule jembe hulioni, maana kwa kawaida unalala usiku mmoja tu na saa mbili asubuhi uwe umetoka. Nyumba nyingine hazina bei, kuna kisanduku tu, unatia ulichojaliwa.

Malengelenge. Sikilizeni vizuri hapa. Watu wengi huko hupitisha uzi kwa sindano na kuuacha ndani ya lengelenge. Msifanye hivyo, uzi ni njia ya vijidudu. Ukihisi joto sehemu moja ya mguu, simama palepale, usisubiri kijiji. Vua, kausha, bandika plasta. Mchana badili soksi. Walipogundua mimi ni nesi, ikawa kila jioni foleni. Babu mmoja wa Korea, hatukuwa na hata neno moja la kuelewana, alininyooshea miguu yake huku ameficha uso kwa aibu. Padre akiosha watu miguu Alhamisi Kuu nimeshaona mara nyingi, lakini siku ile nilishika beseni mimi.

Baada ya mji wa Burgos ni tambarare ya ngano, haina mti. Kuna mahali mnatembea kilomita 17 bila kijiji. Aliyewahi kuvuka mbuga ya Wembere kwa miguu atanielewa. Huko rozari inakwenda yenyewe na hatua.

Mbele zaidi kuna msalaba wa chuma juu ya nguzo ndefu, na watu huacha chini yake jiwe walilotoka nalo nyumbani. Langu niliokota nyuma ya wodi ya watoto nilikofanya kazi. Siku ile Pamplona nilipopunguza kila kitu, hilo sikuligusa. Nililiweka, nikakaa kidogo, nikaendelea.

Santiago wanakupa cheti chenye jina lako kwa Kilatini. Kanisani kuna chetezo cha kilo 53 kinachovutwa kwa kamba na wanaume wanane. Siku yangu hakikurushwa. Nikalala kwa muda wa saa kumi na nne.

Haya, mlioandikisha mazoezi ya kutembea hadi Kipalapala, kule seminarini: Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, hapa uwanjani. Kila mtu aje na begi lake limefungwa kama anavyotaka kusafiri nalo. Mizani nitakuja nayo mimi.