Mkondo Upi wa MBA? Mazungumzo na Wafanyakazi wa Lamu

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Nashukuru kwa kunialika hapa Ngomeni, na zaidi kwa kuitoa Jumamosi yenu ya alasiri. Nikitazama ukumbi naona wauguzi wakuu, walimu, watu wa hoteli za Shela, wa benki, wa forodha na wa kaunti. Wengi wenu mna miaka kumi au zaidi kazini, kwa hiyo sitasema nanyi kama ninavyosema na kijana aliyemaliza chuo juzi.

Kijana huyo akichagua mkondo wa MBA, yaani tawi la kubobea ndani ya shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, anatafuta mlango wa kuingilia. Nyinyi mmeshaingia. La kujiuliza ni hili: kile kiti unachokitaka, aliyekikalia anaamua mambo gani ambayo wewe leo huyaamui? Mkondo wako utafute hapo. Nalisema mapema kwa sababu inaniuma kuona watu wazima, wenye bidii na majukumu ya nyumbani, wakilipa ada ili kurudia wanachokijua. Mhasibu amemaliza CPA, ile mitihani ya taaluma ya uhasibu inayotolewa na KASNEB, kisha anakwenda kuchukua MBA ya fedha. Alama atapata nzuri. Lakini siku bodi ikimhoji kwa nafasi ya ukurugenzi, haitamuuliza habari ya mizania, maana hilo wanalijua kwake. Itamuuliza atawaongozaje watu themanini, na wateja wapya atawatoa wapi. Fundi wa majahazi wa Matondoni aliye hodari wa kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao, akitaka kumiliki chombo, hujifunza nauli, misimu na mgawo wa mabaharia, kukalafati anakujua.

MBA nyingi hapa Kenya huanza na masomo ya lazima kwa wote: uhasibu, uchumi, masoko, usimamizi wa watu, uendeshaji, takwimu na mbinu za utafiti. Baadaye ndipo mnagawanyika mikondo, kisha kila mmoja anaandika mradi wa utafiti. Ukiyahesabu masomo, mkondo ni sehemu ndogo kuliko watu wanavyodhani. Harvard, walioanza kufundisha shahada hii mwaka 1908, hawana mikondo. Baada ya masomo ya pamoja mtu hujichagulia ya hiari. Kwa hiyo anayelenga kuongoza biashara nzima, akipata MBA ya jumla, asione amepunjwa.

Niwape mfano, na tukae nao kidogo. Meneja ana hoteli ya vyumba kumi. Masika yameingia, wageni wameondoka, na mwenye hoteli anamuuliza: tufunge au tuache wazi? Tuseme kuacha wazi kunaongeza mishahara na umeme wa shilingi 400,000 kwa mwezi, juu ya zile gharama zinazolipwa hata milango ikifungwa. Chumba kinauzwa shilingi 6,000 kwa usiku, na kumhudumia mgeni kunagharimu 2,000 za chakula cha asubuhi, maji na kufuliwa mashuka. Kila chumba kikilaliwa usiku mmoja kinabakiza 4,000. Basi ni lazima auze chumba mara 100 katika mwezi, kati ya mara 300 zinazowezekana. Akifika theluthi hiyo, kuacha wazi kunajilipa. Asipofika, afunge.

Hesabu hii imo kwenye masomo ya lazima. Hahitaji mkondo wa fedha ili aijue. Kilicho kigumu ni kuwapata hao wageni wa theluthi, na Lamu inalijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote wa Nairobi. Baada ya matukio ya utekaji nyara ya 2011 serikali za Ulaya ziliwaonya raia wao wasije. Ikaja 2014 na mashambulizi ya Mpeketoni, tena ikawa hivyo. Mwaka 2020 korona ikafunga hata ndege. Kila mara, hoteli iliyotegemea mgeni mmoja tu, wa nchi moja na msimu mmoja, ilikosa pa kushika. Meneja anayejua kumuuzia Mkenya mwenzake siku tatu za mapumziko, kwa bei anayoiweza na chakula anachokipenda, ana jambo la kumwambia mwenye hoteli. Huyo mimi ningempeleka masoko, wala nisingemrudisha kwenye usimamizi wa hoteli ambao anaufanya usingizini.

Na bandari je? Tangu LAPSSET, mradi wa bandari mpya ya Lamu na njia za kuiunganisha na Sudan Kusini na Ethiopia, ilipozinduliwa Machi 2012, na zaidi tangu gati ya kwanza ilipoanza kazi Mei 2021, hakuna swali ninaloulizwa hapa kama la mkondo wa ugavi. Ni mkondo mzuri kwa anayeamua mzigo upite njia gani, ulale ghala gani, na msafirishaji apewe mkataba upi. Lakini mtazameni wakala wa kutoa mizigo mwenye ofisi yake ndogo. Ushuru hulipwa kabla mzigo haujatoka, na mteja akikopeshwa analipa baada ya wiki kadhaa. Vitabu vyake vinaonyesha faida, na mkononi hana hela ya kutoa kontena linalofuata. Huyo yuko gatini kila siku, na bado mkondo unaomfaa ni fedha: mtaji wa uendeshaji, masharti ya mikopo, namna ya kuzungumza na benki.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, dada. Anauliza: akichukua mkondo wa rasilimali watu, ndiyo tayari ni afisa wa rasilimali watu? La, dada yangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayotaka wanaofanya kazi hiyo wasajiliwe na taasisi yao, IHRM. Watu wa ununuzi na ugavi wana sheria yao ya 2007, na taasisi yao ni KISM. Anza huko, uwaulize wanataka vyeti gani, ndipo uamue kama fedha zako ziende kwanza kwenye mitihani yao au kwenye MBA.

Kuna jambo ambalo watu hulifikiria wakiwa wamechelewa, nalo ni utafiti. Masomo ya darasani wengi humaliza; mradi ndio huwakwamisha. Mada yake itatoka kwenye mkondo wako. Nyinyi mna kitu ambacho mwanafunzi kijana hana: mnajua kazini kuna kumbukumbu gani, na nani anaweza kukuruhusu kuzitumia. Tumieni nafasi hiyo. Kabla hujajaza fomu, tafuta swali moja la kazini linalokusumbua, kisha zungumza na mkubwa wako kama atakubali takwimu za ofisi zitumike, kwa maandishi. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, utakihitaji pia. Mkondo ambao huwezi kupata takwimu zake utakuweka chuoni miaka.

Kuhusu chuo chenyewe sitasema mengi. Hakikisha programu inatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uliza mkondo huo ulifundishwa lini mara ya mwisho, maana orodha huwa ndefu, na wanafunzi wakiwa wachache mkondo haufunguliwi. Na sisi wa Amu tuulize ratiba: darasa la kila Jumamosi Mombasa ni mashua hadi Mokowe, basi, na usiku wa kulala huko. Masomo ya mtandaoni au ya likizo yanaweza kumfaa mtu wa kisiwani kuliko chuo chenye jina kubwa.

Mwalimu mkuu hapa mbele ananiambia yeye anataka kupanda katika uongozi wa shule. Kwako, mwalimu, ningesema angalia kwanza shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu. Muuguzi mkuu aangalie usimamizi wa mifumo ya afya, na wa kaunti aangalie utawala wa umma. MBA ina faida zake, lakini masomo yake mengi yamejengwa juu ya kampuni inayouza, na kazi zenu hazikujengwa hivyo.

Waliokuja na orodha za masomo kutoka vyuoni wazilete mezani hapa. Tutazipitia moja moja, kila mtu na kazi yake, hadi adhana ya Magharibi.