Mnaniuliza nipo chama gani, leo nawajibu

Habari zenu ndugu zangu wa Dodoma mjini, Chamwino, Bahi, Kongwa mpaka Mpwapwa huko. Leo naongelea siasa manake kila nikiposti swali ni lile lile, we dada uko Ujerumani siasa za huku zinakuhusu nini, na upo chama gani. Chama changu sitaji, hakuna aliyenilipa, na sio kwamba nimekaa huku nikaona kwetu kubaya. Kura yenyewe sina, sheria yetu unapiga ulipojiandikisha na huku nje hamna kituo, wenzetu Wakenya wa nje baadhi wanapiga huko huko waliko, sisi bado, na inaniuma kweli manake familia yangu yote ipo huko.

Ninachosema ni hiki, chukua kadi ya chama. Wengi mnasema mi sina chama naangalia mtu, sawa, lakini huyo mtu anafikaje kwenye karatasi ya kura? Kwa Katiba yetu mgombea binafsi hayupo, ibara ya 39 kwa rais, ya 67 kwa mbunge, lazima chama kikudhamini. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishasema 2013 kwamba hilo linakiuka haki za watu na mpaka leo lipo. Kwa hiyo yule unayemtaka jina lake linakatwa mapema ndani ya chama, we upo nyumbani unasubiri Oktoba.

Hata mwenyekiti wa mtaa anapitia huko huko, na msimdharau. Nina kiwanja changu nje kidogo ya mji, hati anaifuatilia mdogo wangu, kontro namba tumelipia, risiti zipo, anaambiwa faili halionekani rudi wiki ijayo, akirudi anaambiwa lete barua ya mtaa, na huko mtaani muhuri hautoki mpaka utoe chochote. Nauli ya boda natuma mimi, hiyo chochote natuma mimi, na watu wanadhani huku hela tunaokota! Nikamuuliza mdogo wangu, huyo mwenyekiti mlimpitishaje, akasema hata hajui, walikaa watu wachache tu tawini wakamaliza. Watu wachache ni rahisi kuwanunua. Mkijaa wanachama mia tatu tawi moja nani ana hela ya kuwanunua wote?

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 najua wengi mmekata tamaa, siwalaumu hata kidogo. Mtaniambia rais akishatangazwa hata mahakamani huwezi kupinga, ni kweli, ibara ya 41 imeandika hivyo na inanikera sana. Ila Katiba hiyo inabadilishwa na theluthi mbili ya wabunge, na wabunge wanatoka kwenye vyama. Ingieni humo, msimamisheni kiongozi mnayemwamini, halafu mkampigie kura.

Haya ni mawazo yangu mimi, kila mtu na hali yake, askari kwa mfano Katiba inamkataza kujiunga na chama, yeye apige kura tu. Na nyie mliohamia Dodoma na serikali, kadi zenu za mpiga kura bado za Temeke na Kinondoni, daftari la wapiga kura likifunguliwa hamisheni taarifa, na serikali za mitaa 2029 unajiandikisha upya hapo mtaani unapoishi.