Kinga ya mtoto mwenye kaakaa wazi huanzia kinywani

Mhadhara kwa wazazi na wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi.

Duniani, katika kila watoto wapatao 700 wanaozaliwa, mmoja huwa na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa, au vyote viwili. Mdomo sungura kila mtu anauona. Kaakaa, yaani paa la kinywa, limejificha, na huko ndiko maradhi mengi ya watoto hawa yanakoanzia.

Mzazi akiambiwa kaakaa litashonwa mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 9 na 18, mara nyingi anarudi nyumbani kusubiri. Naomba tusisubiri. Miezi hiyo ni ya matibabu, na mtoaji wake mkuu ni wewe mzazi.

Mtoto mwenye kaakaa wazi asiye na ugonjwa mwingine, kwa kawaida hazaliwi na kinga mbovu. Kinachoidhoofisha ni njaa na maambukizi ya kujirudia. Akinyonya, hewa inapita kwenye uwazi, anashindwa kuvuta maziwa, anatoka jasho, anachoka na kulala kabla hajashiba. Mama anadhani hana maziwa. Jirani anashauri uji. Mtoto anakonda, na mwili uliokonda hauna cha kutengenezea ulinzi. Mafua kidogo tu, mara nimonia.

Kwa hiyo mama, kamua. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, yamejaa kingamwili zinazolinda kinywa, koo na utumbo, kwa hiyo yasimwagwe hata tone. Mkalishe mtoto wima mapajani, mshike shingo, gusisha ukingo wa kikombe kidogo kisafi kwenye mdomo wake wa chini. Maziwa yafike hapo tu, atayalamba mwenyewe, usimmiminie. Yakitokea puani usishtuke. Acha kidogo, mfute, endelea. Mcheulishe mara kwa mara, maana anameza hewa nyingi. Akishamaliza, viringisha kitambaa laini, safi, chenye unyevu kwenye kidole, ufute fizi, ulimi na kingo za mpasuko pasipo kukwangua.

Sasa masikio. Misuli ya kaakaa ndiyo inayofungua mrija unaounganisha koo na sikio. Kaakaa likipasuka, misuli hiyo haikushika mahali pake, na majimaji yanatuama nyuma ya ngoma ya sikio. Karibu watoto wote wenye kaakaa wazi hupitia hali hii. Wengi hawalii wala hawatoi usaha. Hawasikii vizuri, basi. Halafu tunawaita wakaidi! Wapimwe masikio hata kama wanaonekana wazima.

Hapa nitasema kwa uchungu kidogo. Mtoto huyu akipata homa na kuharisha, kuna watakaokwambia ana meno ya plastiki. Hakuna meno ya plastiki. Ule uvimbe mweupe kwenye fizi ni jino la kawaida, mara nyingi chonge, linalojiandaa kuota. Wanaolichimbua kwa wembe au spoki ya baiskeli wanamwachia mtoto kidonda, wanaweza kumpa pepopunda, na wanaharibu hata jino la ukubwani lililo chini yake. Kukata kimio vilevile. Kimio kilichogawanyika pande mbili huweza kuwa dalili ya mpasuko uliofichwa chini ya ngozi ya kaakaa. Ukiona kimio cha namna hiyo mpeleke kwa daktari, wembe usiguse.

Meno yenyewe yakianza kuota, jirani na mpasuko utakuta moja limekosekana, jingine limezidi, jingine limepinda na gamba lake ni dhaifu. Ukoga unajificha hapo, na mate, ambayo yana kinga yake, hayafiki vizuri. Anza kupiga mswaki siku jino la kwanza linapotokeza. Dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele mpaka afike miaka 3. Inua mdomo wa juu kwa kidole, pitisha mswaki mdogo mpaka kwenye jino lililopinda. Wazazi wengi wanaogopa kugusa pale penye mshono. Kidonda kikishapona na daktari akiruhusu, paguse, kwa sababu meno ya hapo ndiyo huanza kuoza.

Jino bovu haliishii kinywani. Bakteria wake huingia kwenye damu, na kwa mtoto mwenye tatizo la moyo, ambalo baadhi ya watoto hawa wanalo, wanaweza kushambulia moyo wenyewe. Tena, kama mpasuko umefika kwenye ufizi, akiwa na miaka 8 hadi 11 hivi atahitaji kupandikiziwa mfupa. Kinywa kichafu kinaweza kuuozesha mfupa huo, na kazi yote ikarudi mwanzo.

Mama pale nyuma ameuliza kuhusu chanjo. Ndiyo, apewe zote kwa wakati wake. Matone ya polio anaweza kuyameza. Chanjo ya nimonia ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 inapambana pia na bakteria mmojawapo wa maambukizi ya sikio, kwa hiyo kwake ina faida mara mbili. Tahadhari ni moja. Kama pamoja na mpasuko ana tatizo la moyo, au amewahi kupata degedege kwa upungufu wa kalsiamu, mwambie daktari mapema. Wako wachache ambao kipande kidogo cha kromosomu ya 22, moja ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya chembe za mwili, kimepungua, na tezi ya thaimasi, inayokomaza chembe za kinga, haikukua vizuri. Hao kinga yao ipimwe kwanza, ndipo wapewe chanjo zenye vimelea hai kama ya surua.