Kuchimba dawa kila baada ya robo saa

KASSIM: Haya, tumerudi. Mimi Kassim, niko Tanga, na mvua inapiga bati hapa, kwa hiyo mkisikia makelele msilaumu maikrofoni. Mwenzangu yuko mbali na mvua.

MWANAIDI: Mwanaidi hapa, Minnesota. Nimetoka kazini sasa hivi, hata viatu sijavua.

KASSIM: Pole na kazi, dada. Kwa wageni wetu, dada Mwanaidi ni muuguzi kwenye kliniki ya urolojia, mambo ya figo na njia ya mkojo. Leo nimemkamata kwa ajili ya shangazi yangu. Nilimwomba ruhusa, akasema zungumza utakavyo, jina langu tu usilitoe.

MWANAIDI: Mfikishie shikamoo yangu.

KASSIM: Itafika. Basi shangazi ana binti Dar, na ni mwaka wa tatu huu hajapanda basi kwenda kumwona. Safari ya mwisho alikata siti ya mbele kabisa, nyuma ya dereva. Tangu jana yake hakunywa maji, asubuhi hata chai kaikataa. Muheza akamwomba konda asimamishe wachimbe dawa. Segera akaomba tena. Hawajafika Mkata, anaomba mara ya tatu, abiria wameanza kuguna. Mara ya nne hakuomba. Dar alishuka amejifunga khanga mbili.

MWANAIDI: Masikini. Na sasa anasema safari zinamchosha.

KASSIM: Anasema mgongo unamuuma! Umejuaje?

MWANAIDI: Wote husema hivyo. Sikiliza, kibofu cha mtu mzima kinabeba kama mililita 300 mpaka 500, chupa ndogo ile ya maji ya dukani. Mtu aliyekauka tangu jana, akichimba dawa Muheza, kufika Segera kibofu hakijajaa. Mkojo upo kidogo, lakini kibofu kinajikaza kama kimefurika. Mimi nakiita kibofu chenye pupa. Na kujinyima maji hakumsaidii, mkojo mzito unakichokoza kibofu zaidi.

KASSIM: Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye kibofu.

MWANAIDI: Uko kwenye taarifa. Daladala umepanda wewe. Konda akigonga bodi, dereva anasimama. Sasa chukua konda anayegonga kila kituo na hakuna anayeshuka. Gari zima, breki nzima, dereva hana kosa. Mishipa ya fahamu ya chini inagonga, ubongo unasimamisha kila kitu, mama wa watu anakimbilia msalani anatoa vijiko viwili. Au hafiki.

KASSIM: Kabla hatujaingia kwenye kile kifaa ulichoniambia, maana hicho ndicho kilinikosesha usingizi, mtu kuwekewa betri makalioni...

MWANAIDI: Subiri kwanza, kuna watu wanatusikiliza na tatizo lao si hili. Kama unavuja ukikohoa, ukicheka, ukinyanyua ndoo, hiyo ni misuli ya nyonga imelegea, dawa yake nyingine, na kifaa hiki hakiigusi. Na kama ulipata uchungu wa muda mrefu wakati wa kujifungua, kisha mkojo ukawa unatoka wenyewe usiku na mchana bila hata kubanwa, hiyo yawezekana ni fistula. Fistula ni tundu, na tundu linazibwa kwa upasuaji. Hospitali ya CCBRT pale Dar wanaifanya hiyo kazi miaka mingi, na bure. Usikae ndani.

KASSIM: Hilo umelisema vizuri. Sasa betri.

MWANAIDI: Pitisha mkono mgongoni, shuka mpaka chini kabisa, kabla hujafika kwenye kifandugu. Pale kuna mfupa bapa, una matundu pande mbili, na kila tundu linatoa mshipa wa fahamu. Tunautafuta mshipa wa tatu. Daktari anapitisha sindano ndefu kwenye tundu la tatu huku akiangalia picha ya eksirei, kisha anaacha waya mwembamba wenye vituo vinne vya umeme. Huo waya unapita chini ya ngozi mpaka kwenye kikasha kidogo, kinakaa juu ya tako ndani ya nyama. Kinatoa mapigo madogo, kawaida 14 kwa sekunde. Kumbuka hayakikamui kibofu wala hayakifungi. Yanaingia kwenye ile njia ya taarifa na kuutuliza ugongaji.

KASSIM: Daktari anajuaje kwamba huo ndio mshipa wenyewe? Kule ndani si kama msitu?

MWANAIDI: Hapo ndipo ninapopapenda. Mgonjwa amelala kifudifudi, kafunikwa mwili mzima, nyayo peke yake ndizo ziko wazi. Mara ya kwanza nilipoingia nikaambiwa, wewe simama miguuni, kazi yako kidole gumba. Nikadhani wananitania. Daktari anapeleka umeme kidogo kwenye sindano. Mguu mzima ukizunguka kisigino, amekosea, yuko juu, tundu la pili. Kidole kisipocheza kabisa na huku njia ya haja kubwa inakazana, yuko chini, la nne. Lakini kidole gumba kikijikunja chenyewe, taratibu, na huku nyonga inajivuta kama mtu anayejizuia, basi. Nasema "kidole!", na chumba kizima kinapumua.

KASSIM: Yaani kidole cha mguu ndicho shahidi wa kibofu!

MWANAIDI: Mishipa yao inatoka shina moja. Na hilo litanirudisha kwenye kifundo cha mguu baadaye, usiniache nisahau.

KASSIM: Nani alikaa akawaza kitu kama hiki?

MWANAIDI: San Francisco, Chuo Kikuu cha California, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Emil Tanagho na mwenzake Richard Schmidt. Walianza kwa kutafuta namna ya kuwasaidia watu waliovunjika uti wa mgongo, kibofu chao kipate kujimwaga. Njiani wakaona umeme ule ule unaweza pia kukinyamazisha kibofu chenye fujo. Marekani ikaruhusu kifaa kwa wenye kuvuja kwa pupa mwaka 1997. Miaka miwili baadaye ikaongeza wanaokwenda mara kwa mara bila kuvuja, na wale ambao mkojo hautoki ingawa njia haijaziba. Mwaka 2011 wakaongezwa wanaovuja haja kubwa. Ndiyo, nayo ipo, na hao wanaificha kuliko wote.

KASSIM: Mimi kama mtu wa pwani swali langu ni la sokoni. Nikiwekewa kisifanye kazi?

MWANAIDI: Na jibu ni la sokoni vilevile, unaonja kwanza. Hiki ndicho kinachonifanya nikitetee. Upasuaji mwingine ukishakatwa umekatwa. Hapa unapitishiwa waya wa majaribio, betri inakaa nje, unaifunga kiunoni kwa mkanda, unarudi kwako. Kuna jaribio la siku chache na lipo la wiki mbili hivi. Unapika, unaswali, unakwenda kazini. Na unaandika.

KASSIM: Unaandika nini?

MWANAIDI: Daftari la mkojo. Umekunywa nini, kiasi gani, umekwenda saa ngapi, umetoa kiasi gani, ulifika au hukufika. Unaliandika siku tatu kabla ya jaribio, na unaliandika wakati wa jaribio. Kama ulikuwa unavuja mara sita kwa siku tunataka tuone tatu au chini ya hapo. Nusu, angalau. Nusu isipopatikana, waya unatoka, kikasha huwekewi. Sasa daktari bingwa mzima, na mashine zake zote, anasubiri daftari la mama aliyeliandika kwa penseli jikoni.

KASSIM: Na wasioandika vizuri?

MWANAIDI: Wapo wanaojaza siku nzima kwa mara moja, usiku, wino mmoja, mwandiko mmoja. Tunawajua. Tunawarudishia karatasi.

KASSIM: Umesifia mno. Ubaya wake?

MWANAIDI: Upo. Kidonda kuingia wadudu, kifaa kikaondolewa chote. Maumivu pale kikasha kilipokaa, hasa kwa mwembamba asiye na nyama. Waya kusogea. Nilikuwa na mama mmoja, wiki ya pili nyumbani alivuta kabati, kesho yake akapiga simu anasema "umeme wangu umehamia pajani". Akafanyiwa tena. Betri nayo, zile za zamani zisizochajiwa zilikuwa zinaisha baada ya miaka michache na unarudi kukatwa. Tangu 2019 kuna za kuchaji zilizotengenezwa zidumu kama miaka 15, unavaa mkanda wa chaji huku unaangalia tamthilia. Ila mzee anayesahau hata simu yake kuichaji, mimi ningemwambia achukue isiyochajiwa.

KASSIM: Na vidonge? Shangazi alipewa vidonge, vikamkausha mdomo mpaka anashindwa kumeza mate.

MWANAIDI: Hivyo ndivyo vya kundi la oxybutynin. Mdomo mkavu, choo kigumu, na kwa mzee vinaweza kumvuruga akili. Wengi wanaviacha kimyakimya bila kumwambia daktari. Kuna vingine kama mirabegron visivyokausha hivyo. Halafu kuna sindano ya botoksi, dawa ya kulegeza misuli, inachomwa ndani ya kibofu. Mwaka 2016 Marekani walitoa utafiti wa wanawake waliofuatwa miezi sita, nusu botoksi, nusu kifaa. Botoksi ilishinda kidogo, ilipunguza karibu mara nne za kuvuja kwa siku, kifaa zaidi ya tatu kidogo. Ila waliochomwa botoksi, 35 kati ya 100 walipata maambukizi ya mkojo. Wenye kifaa, 11. Na botoksi ikiisha nguvu unarudi kuchomwa.

KASSIM: Kila mtu na mzigo anaoumudu.

MWANAIDI: Na bei. Huku Medicare, bima ya wazee, imekuwa ikikilipia kifaa tangu 2002. Bila bima usikitaje.

KASSIM: Uliniambia nikukumbushe kifundo cha mguu.

MWANAIDI: Ahsante! Ile mishipa ya mgongoni ina tawi linashuka mpaka kifundo cha mguu, upande wa ndani. Wachina walikuwa wanachoma sindano maeneo hayo karne na karne. Kliniki yetu tunaweka sindano nyembamba pale, umeme kidogo, nusu saa kila wiki, wiki 12. Mgonjwa amekaa kwenye kiti anasoma gazeti. Na sasa vimeruhusiwa vya kupandikiza hapo hapo kifundoni, eCoin mwaka 2022, kama sarafu, kisha Revi mwaka 2023, hicho unavaa bangili mguuni ndipo kinaamka. Na kuna namna isiyochoma kabisa, vibandiko juu ya ngozi, kwa ile mashine ndogo ya umeme ambayo wataalamu wa fiziotherapia wanatulizia maumivu. Hiyo ndiyo ningemuulizia shangazi kabla sijawaza betri.

KASSIM: Ana jambo moja kaniambia nikuulize, kwa aibu sana. Sala. Anasema anatawadha, anafika rakaa ya pili, anahisi.

MWANAIDI: Mwambie sheria imemfikiria kabla yetu. Mwenye udhuru anajisafisha, anajihifadhi kwa kitambaa au pedi, anatawadha wakati ukishaingia, anaswali. Akafafanuliwe vizuri na ustadhi. Lakini nimekaa na akina mama wa Kisomali na wa pwani huku Minnesota, na nakwambia, katika yote wanayoyasimulia, msikiti ndio wanaoulilia. Safari za basi na harusi zinafuata.

KASSIM: Kwa hiyo aanze wapi?

MWANAIDI: Apimwe mkojo, asije akawa na maambukizi tu. Apimwe sukari, maana sukari nayo inakukimbiza chooni. Kisha kliniki ya urolojia, na asiende mikono mitupu, aende na daftari la siku tatu.

KASSIM: Ameshaanza. Nilimsomea ujumbe wako juzi, akachukua daftari la mjukuu, la hesabu, akageuza nyuma. Ninalo hapa. "Saa kumi na moja alfajiri. Kikombe nusu. Nilifika." Inayofuata, "Saa mbili kasoro. Vijiko. Sikufika." "Saa mbili na nusu. Vijiko. Nilifika."

MWANAIDI: Safi kabisa huyo mama. Na kwenye kunywa ameandika nini, kati ya alfajiri na saa mbili?

KASSIM: Hakuandika. Amechora birika.

MWANAIDI: Zima?

KASSIM: Zima, na mkono wake.

MWANAIDI: Mpigie simu tukimaliza hapa. Muulize ni la chai ya rangi au ya maziwa, na lina vikombe vingapi.