Ukungu, milango na bloku 15: kwa nini bado nazirudia gemu za zamani

Habarini za saa hizi jamani, asanteni sana kwa kuja, naona wengine wamesimama kule nyuma, sogeeni tu mbele nafasi ipo. Nimeombwa niongelee gemu ninazozipenda na kwa nini mtu mzima kama mimi bado anarudia gemu za miaka ya 80 na 90 wakati za sasa hivi ni nzuri namna hii, na jibu langu nalitoa mapema tusije tukapotezana: zile mashine zilikuwa na uwezo mdogo mno, na waliotengeneza gemu waliugeuza ule udogo ukawa utamu. Msidhani ni utoto tu unatuvuta, mle ndani kuna ufundi.

Chukua Space Invaders, 1978. Adui 55 wamejipanga safu tano wanashuka taratibu, halafu kadri unavyowapiga wanazidi kukaza mwendo mpaka yule wa mwisho anapita kwenye skrini kama mshale, mikono inakutoka jasho. Ukiicheza unasema huyu mtu alipiga hesabu kali. Kumbe mwenyewe aliyeitengeneza, Tomohiro Nishikado, mashine yake ilikuwa inalemewa kuwachora wote kwa pamoja, wakipungua inapata nafuu ndo inaenda mbio. Alipoona hivyo akaiacha vilevile, maana ilinoga. Basi ile hofu ya kuongezeka kwa kasi tunayoijua kwenye gemu mpaka leo, pale ilitokana na mashine iliyozidiwa.

Au Super Mario Bros. ya 1985, gemu nzima ni kilobaiti 40, yaani picha moja tu ya simu yako inaishinda kwa uzito mara nyingi sana. Ukiangalia vizuri utagundua mawingu ya juu na vichaka vya chini ni mchoro uleule, kimoja kimepakwa nyeupe kingine kijani, na sisi tumecheza miaka nenda rudi hatujastuka.

Sasa ninayoipenda kupita kiasi kwenye hili ni Silent Hill ya 1999, gemu ya kutisha ya PlayStation ya kwanza, ile mashine ya gemu ya Sony. Ile mashine haikuweza kuchora mji mzima kwa mkupuo, nyumba za mbali zingekuwa zinachomoza ghafla mbele yako, watengenezaji wakafunika kila kitu na ukungu na giza. Na wewe huku unatembea unaona hatua chache tu, unasikia redio ndogo mfukoni inakoroma, ina maana kuna kitu karibu ila hukioni, unasimama, inakoroma zaidi, unageuka, hamna. Niambieni gemu ngapi za leo zenye grafiki za kung'aa zimewahi kukubana kifua vile. Resident Evil ya 1996 nayo, kila ukitoka chumba kimoja kwenda kingine skrini inakuwa nyeusi, unaona mlango peke yake unafunguka polepole, kitasa kinalia. Pale mashine ilikuwa inasoma diski tu! Lakini zile sekunde chache una risasi tatu na hujui upande wa pili kuna nini, mimi nilikuwa nashika pumzi kabisa.

Sisemi kila cha zamani ni kizuri, hapana. Kamera za gemu nyingi za kwanza za 3D zilikuwa mateso, unaruka shimo kamera inageukia ukutani, unakufa kwa kosa ambalo si lako, hizo nimezirudia na sizitetei. Kusevu kwa otomatiki pia ni baraka, nashukuru kilikuja.

Ila kusevu ndo kunanileta kwenye memori kadi, ile kadi ndogo unayochomeka kwenye mashine ihifadhi ulipofikia. Wale wa PlayStation ya kwanza mnaijua, kilobaiti 128, bloku 15, yaani vijisehemu 15 vya kuhifadhia, basi. Sisi nyumbani tulikuwa nayo moja, watoto watatu. Ile skrini ya bloku naiona hata sasa, vile viboksi vidogo vyenye picha zinazochezacheza, kila kimoja ni saa za mtu. Gemu ya mpira ilikuwa inakula bloku nyingi kuliko zote na mimi nilitaka kusevu ligi yangu, kadi imejaa, nikafuta kiboksi kimoja nikidhani ni cha zamani. Kilikuwa cha kaka, Final Fantasy VII, gemu ndefu ya hadithi ya diski tatu, yuko diski ya tatu, zaidi ya saa 40. Hakunipiga. Alikaa kitandani kimya muda mrefu, na ule ukimya naukumbuka kuliko kipigo chochote. Kesho yake akaweka diski ya kwanza, akaanza upya, na mimi nikakaa pembeni yake kila siku namwandikia kwenye daftari amefika wapi na kuna nini cha kuchukua, tukafika pale Aerith, yule binti wa kwenye hadithi, anapouawa, yeye alishakiona ila mimi sikujua kinakuja, nikalia kwa kweli.

Na hilo nalo lililetwa na uhaba. Skrini moja, pedi mbili, basi lazima mkae pamoja. GoldenEye 007 ya 1997 watu wanne mnagawana televisheni moja, kila mtu anachungulia kipande cha mwenzie, ugomvi hauishi. Kwenye mpira ikifika penalti watu wanaficha pedi ndani ya shati ili mwenzake asione kidole kinaelekea wapi. Mtandaoni leo nacheza na mtu aliye bara lingine na ni jambo kubwa, silibezi, lakini mikono yake sijawahi kuiona.

Mkinilazimisha nitaje moja tu basi ni Shadow of the Colossus, 2005, PS2, yaani PlayStation ya pili. Majitu 16, hakuna adui mdogo hata mmoja njiani, wewe na farasi wako na nchi tupu, unanyanyua upanga juani miale inakuonyesha uelekeo. Ukimpanda jitu lazima ushikilie R1, kile kitufe cha juu kulia kwenye pedi, usiiachie, linajitikisa, ile duara ya nguvu inapungua, kidole kinauma kwelikweli, yaani unamng'ang'ania kwa mkono wako mwenyewe. PS2 yenyewe ilikuwa inaishiwa pumzi, picha inakuwa nzito kabisa jitu likigeuka, na kwangu mimi ule uzito uliingia kwenye jitu lenyewe, nikawa naamini lina tani. Kisha linaanguka, muziki unakuwa wa huzuni badala ya shangwe, umeshinda na moyoni hujisikii mshindi.

Haya, nimeongea vya kutosha. Ile kadi ya nyumbani ipo hapa mezani, bado inasoma, bloku ya nne ni ya kaka, ile aliyoanza upya. Mashine nimeshaiunganisha na pedi ziko mbili, nani anakuja kushika ya pili?